Tunapotikisana

Kinanda kilipoletwa kwenye kwaya yetu hapa Rubafu, baadhi ya wazee waliuliza: kitu kisicho na pumzi kitamsifuje Mungu? Tulijibu kwamba hata enanga ya Wahaya ni mti na nyuzi. Pumzi ni ya mwimbaji.

Ni Yamaha DX100 ya mwaka 1985, yenye vibao 49 vidogo, nayo huimba kwa betri umeme ukikatika. Ndani yake hamna kengele iliyorekodiwa. Mwaka 1967 John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aligundua kuwa wimbi moja la sauti likilitikisa jingine kwa kasi kubwa, huzaliwa mlio mpya. Kwa kila noti kinanda hiki hutumia mawimbi manne tu. Kila moja peke yake ni kama mluzi mkavu. Yakitikisana, tunasikia kengele.

Wakati huo sauti ya kwanza na besi hawakuwa wakisalimiana, na kwaya ilikaribia kuvunjika. Maombi ndiyo yaliyotukalisha chini. Lakini kinanda kilitupa la kuombea: Mungu hutuweka karibu na wanaotutikisa, ili tutoe mlio ambao peke yetu hatuuwezi.

Bado tunatikisana. Nasi tunashukuru.