Vibawa Nyuma ya Usukani

Jamaa zetu wa Mombasa wanaotutembelea huku Migori hawakosi kuliona jambo moja wanapopanda gari la baba yetu. Nyuma ya usukani wa Subaru Legacy ya mwaka 2005, gari ambalo limekwisha kula chumvi nyingi, pana vibawa viwili vyeusi, kimoja kushoto na kimoja kulia, ambavyo gari hilo halikuzaliwa navyo. Wengine hudhani ni mapambo ya vijana. Ami yetu mmoja aliuliza kwa mzaha kama mzee sasa anajitayarisha kwa Safari Rally. Kwa kuwa swali limeulizwa mara nyingi, na kwa kuwa twajua wamo miongoni mwa wasomaji wetu wenye wazazi walio na maradhi kama ya baba, tumeona ni vyema kulieleza jambo lenyewe tangu mwanzo.

Sisi ni watoto wanne wa duka. Baba alikuja huku akiwa kijana, na leso, vikoi na vitambaa vya kushona ndivyo vilivyotusomesha. Duka kubwa liko Migori. Lile dogo liko Homa Bay, na kila Jumatano baba hupakia mizigo na kwenda kulikagua, kupitia Awendo, Rongo na Rodi Kopany. Safari hiyo si ya biashara peke yake. Huko ana marafiki wa miaka mingi, ana mahali pake pa kunywa kahawa, na ana wajukuu wawili wanaojua mlio wa gari lake kabla halijafika langoni. Mtu akimwondolea Jumatano yake amemwondolea sehemu ya umri wake.

Baba ana ugonjwa wa sukari. Mwaka juzi bega lake la kushoto lilianza kuuma usiku, kisha likakakamaa hata akashindwa kuvaa kanzu bila kusaidiwa. Daktari alitueleza kwamba mfuko wa nyama unaolizunguka fundo la bega huvimba na kujikaza, kwamba hali hiyo huwapata sana wenye sukari, na kwamba huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kulegea. Vidole vilikuwa vizima. Kiwiko kilikuwa kizima. Mkono uliweza kutulia juu ya usukani siku nzima bila maumivu. Kilichoshindikana ni kuunyosha kando na kuurudisha. Na katika gari la kwetu, ambalo dereva hukaa kulia, mkono wa gia uko upande huohuo wa kushoto.

Msomaji atasema: gari ni la otomatiki, aweke kwenye D aende zake. Ni kweli kwa mji wa tambarare kama Mombasa. Huku kwetu barabara hupanda na kuteremka, na tangu Rongo mtu anashuka taratibu kuelekea Ziwa Victoria. Gari lililojaa marobota ya nguo likiachwa kwenye D mteremkoni hujikimbilia, na dereva hubaki akikanyaga breki mfululizo mpaka zishike moto na kulegea. Dawa yake ni kushusha gia ili injini yenyewe ilizuie gari. Baba amefanya hivyo tangu enzi za malori, naye huushusha mwaka mara moja mteremko wa Mai Mahiu anaporudi kutoka pwani. Baada ya bega kukakamaa, kila gia aliyoishusha ilimfanya aume meno, na mara mbili tulimwona akiuachia usukani mkono wa kulia ili avuke nao kifuani kuifikia gia, gari likiwa mwendoni. Hapo ndipo tulipokaa kikao.

Dada yetu mkubwa alitaka funguo zichukuliwe. Mdogo wetu alitaka gari liuzwe, linunuliwe jipya kidogo lenye vibawa vya kiwandani. Rai hiyo ya pili ina maana, lakini ina bei. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza, kwa hiyo gari "jipya kidogo" linaloshushwa bandarini Kilindini bado ni fedha nyingi, na baba hataki mkopo wa riba mlangoni pake. Akatusikiliza sote, kisha akauliza swali moja tu: hivyo vibawa haviuzwi peke yake?

Tukumbuke kwanza vilikotoka. Mwaka 1989 kampuni ya Ferrari ilileta katika mashindano ya Formula One gari lililosanifiwa na Mwingereza John Barnard, ambalo dereva alibadilisha gia kwa kuvuta vibawa nyuma ya usukani. Gari hilo lilikuwa likiharibika ovyo katika majaribio, na bado Nigel Mansell alishinda nalo shindano lake la kwanza huko Brazil. Mwaka 1997 Ferrari ikavitia vibawa katika gari la barabarani, na baada ya hapo vikashuka hadi kwenye magari ya watu wa kawaida, Subaru zikiwemo. Watu husimulia habari hiyo kwa ajili ya kasi. Sisi ilitugusa kwa sababu nyingine: vilibuniwa ili dereva abadilishe gia bila kuondoa mkono kwenye usukani, na hilo ndilo alilolihitaji mzee wa miaka sabini na tatu anayeuza leso.

Fundi tuliyemwendea ni kijana wa Rongo, fundi wa umeme wa magari, mpole wa maneno. Alimsikiliza baba, akaufungua mlango, akautazama mkono wa gia kabla hata ya kuutazama usukani. "Jaduong'," akasema, kwa heshima wanayopewa wazee katika Kijaluo, "vibawa ni swichi tu, kama swichi ya kengele ya mlango. Mimi nataka kujua kama gari lina masikio."

Maneno hayo ndiyo kiini cha kazi yote. Kibawa hakibadilishi gia. Hukutanisha nyaya mbili kwa nukta moja ya wakati, na kompyuta ya giaboksi ndiyo inayoamua. Ikiwa kompyuta hiyo haikufundishwa kiwandani kupokea amri ya "ongeza" na "punguza", mtu aweza kufunga vibawa vya dhahabu na gari lisijue kwamba vipo. Legacy ya baba ilikuwa na bahati. Mkono wake wa gia una lango la pembeni. Ukiusogeza humo, waweza kuusukuma ili kupanda gia na kuuvuta ili kushuka. Maana yake ni kwamba kompyuta imeijua lugha hiyo tangu siku ya kwanza, na kazi iliyobaki ni kuipatia mdomo wa pili. Katika baadhi ya magari ya Ulaya mambo si mepesi hivyo, kwani usukani huzungumza na gari kwa ujumbe wa kidijitali, na mtu hulazimika kubadilisha moduli na kuingia katika programu.

Muuza spea mmoja alikuwa na usukani kamili wa Legacy changa zaidi, vibawa vyake vipo, na eabegi yake ipo katikati, vyote vimetolewa katika gari lililoanguka. Ulikuwa mzuri kuliko wetu, ngozi yake haijachubuka, na mdogo wetu alikwisha kuutoa mkoba. Fundi akakataa. Alisema atavichukua vibawa na vishikizo vyake, lakini eabegi ya gari asilolijua hataifunga mbele ya kifua cha mzee wa watu.

Hapa twaomba wasomaji wetu wa pwani watuazime masikio. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza eabegi za magari ya kampuni nyingi sana, na katika nyingi ya hizo ilitumia nitrati ya amoniamu kuujaza mfuko kwa mlipuko. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu kemikali hiyo. Siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma likapasuka, na vipande vikamrukia yule aliyekusudiwa kuokolewa. Watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali, mamilioni kwa mamilioni ya magari yameitwa yarudishwe, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hewa ya Mombasa, ndiyo hewa ya ziwani. Eabegi iliyokaa miaka katika rafu ya duka la spea haina cheti cha mahali ilikotoka. Usukani mzuri usimdanganye mtu. Wala isidhaniwe kwamba eabegi aliyokuja nayo gari imesamehewa: kila mwenye gari aweza kuipeleka nambari ya chesisi kwa wakala au kuitafuta katika orodha za mtengenezaji. Sisi tulifanya hivyo kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Tulinunua vibawa peke yake, kwa bei isiyofika ya mbuzi. Siku ya kazi tulisimama pembeni sote wanne kama watu walioleta mgonjwa. Fundi aliyanyoosha magurudumu, akauondoa ufunguo, akaung'oa waya wa betri, kisha akaketi akaagiza chai. Mdogo wetu akamwuliza anasubiri nini. Akajibu kwamba eabegi huweka akiba ya umeme ili ifanye kazi hata betri ikikatika katika ajali, na akiba hiyo lazima iishe kwanza. Vitabu vya Toyota husema sekunde 90 zisipungue. Yeye alimaliza kikombe. Ndipo akaichomoa plagi ya manjano, ambayo ndiyo rangi ya nyaya za eabegi, akaitoa eabegi na kuilaza mbali, uso juu, ili ikilipuka isiruke kama kombora. Hakuipima kwa mita ya umeme, akatuonya kwamba mita ndogo yaweza kuilipua.

Chini ya usukani mna utepe wa nyaya uliozungushwa kama springi ya saa, unaojikunja na kujikunjua dereva akata kona. Bila huo, waya wowote ungekatika katika kona ya kwanza. Utepe wa gari letu ulikuwa na njia mbili zisizotumika, na hizo ndizo zilizobeba amri za vibawa hadi chini, kisha waya zikapitishwa mpaka kwenye swichi za mkono wa gia na kuungwa humo kwa risasi, wala si kwa kusokota na kufunga utepe wa plastiki. Alipoona kibawa cha kushoto kinakaribia mno kijiti cha waipa, alikichonga ncha kwa tupa. Kazi hiyo ya tupa ilichukua muda kuliko nyaya.

Kisha akarudisha betri na kuwasha. Taa nyekundu ya eabegi iliwaka katika dashibodi, kama inavyopaswa, na sote tukanyamaza. Ikizimika baada ya nukta chache, eabegi iko hai. Ikibaki imewaka, gari limekwambia kwamba siku ya ajali halitakuwa nawe. Wapo mafundi ambao taa hiyo ikikataa kuzimika hung'oa balbu yake na kupokea malipo. Yetu ilizimika. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa amesema hapandi gari lililopasuliwa, aliomba kiti cha mbele.

Kwa wiki mbili baba alijizoeza alfajiri katika uwanja mtupu, kisha daktari akamtazama tena na kumruhusu, nasi tukamwarifu wakala wa bima kwa maandishi. Jumatano ya kwanza tuliongozana naye watatu. Kabla ya kuondoka, gari likiwa limesimama, aliuvusha mkono wa kulia mara moja tu na kuitia gia katika lango lake, hakuigusa tena. Awendo tulikwama nyuma ya trela la miwa, akapunguza gia kwa kidole. Baada ya Rodi, barabara ilipoanza kushuka na ziwa likaonekana kwa mbali likimeta, alivuta kibawa cha kushoto mapema mno, na gari likalia mlio mdogo na kukataa, kwa maana kompyuta haikubali gia itakayoizungusha injini kupita kiasi. "Ina adabu kuliko nyinyi," akasema, akasubiri, akavuta tena, ikakubali. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya usukani mpaka tulipofika.

Bega limeanza kulegea sasa; kanzu anaivaa mwenyewe. Vibawa hataki viondolewe. Habari imeenea, na fundi anatuambia kwamba wenye Subaru wawili wamekwisha kumjia. Alikuja pia dereva wa Probox ya abiria wa Mbita, akitaka vibawa hivyohivyo siku hiyohiyo. Fundi aliutazama mkono wa gia, akamwonyesha zile alama za 2 na L chini ya D, ambazo mwenyewe alikiri hajawahi kuzitumia, akamwambia aanzie hapo. Dereva aliondoka amenuna kidogo, abiria kumi ndani.