Hela ya Jumapili Ifike Ijumaa

Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Mandewa, hapa Singida mjini, na shamba letu la alizeti liko Ikungi. Natoa ushuhuda wa mabadiliko niliyoyaona nyumbani kwangu tangu tulipoacha kuwapa watoto hela ya kula kila asubuhi, tukaanza kuwapa ya wiki nzima Jumapili jioni.

Anayeijua Singida anajua pesa yetu inavyokuja. Mvua ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, Aprili zinakata. Alizeti inavunwa kuanzia Mei, inapelekwa mashineni kukamuliwa, na ikifika Julai karibu kila nyumba ina chochote mfukoni. Miezi hiyo ndiyo ya harusi na ya kuezeka bati. Oktoba ikiingia, watu wameanza kukopa. Januari shule zinafunguliwa. Ada katika shule za serikali, msingi hadi kidato cha nne, iliondolewa tangu Januari 2016 na tunashukuru sana, lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mzazi. Kwa hiyo mtoto anayekulia huku, kabla ya ujuzi mwingine wowote wa pesa, anahitaji kujua namna ya kuifanya hela ya Julai ifike Januari. Naamini kwa dhati kwamba ujuzi huo unaanzia kwenye kuifanya hela ya Jumapili ifike Ijumaa.

Wakati tunaanza, binti yetu alikuwa darasa la nne na kaka yake la sita. Kila mmoja alipata sarafu tano za 500, zile zenye nyati zilizotoka mwaka 2014, sarafu moja kwa kila siku ya shule. Kaka mtu alizihesabu akazificha. Binti aliingia kwenye ubuyu na lambalamba, na Jumanne jioni hakuwa na kitu. Jumatano asubuhi akasimama mlangoni, begi mgongoni.

“Mama, naomba mia mbili tu ya andazi.”

“Si nilikupa Jumapili?”

“Imeisha.”

“Basi leo utabeba viazi.”

Nikamwekea viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kikopo. Iliniuma, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, na nilimwona ameshaanza kufungua fundo la kanga yake. Moyo ukanidunda, maana bibi akitoa, kazi yote imeharibika. Akatutazama, akalifunga tena, akamwambia mjukuu wake, “Kihenge kikifunguliwa kila mtu anapoona njaa, mwezi wa pili mtakula nini?” Mtoto hakujibu. Wiki iliyofuata sarafu zake zilifika Alhamisi, na baadaye Ijumaa ikawa inamkuta na mia mbili ya ziada.

Hapo ndipo tulipowanunulia vibubu kwa seremala, vile visanduku vya mbao vilivyopigwa misumari pande zote na kuachiwa upenyo wa sarafu tu. Sikuwapangia waweke shilingi ngapi. Niliwaambia kila mmoja aandike kwenye kibubu chake kitu anachokitaka. Binti akaandika BEGI. Kaka yake akaandika KUKU kwa kalamu ya wino, herufi kubwa zilizojaa upande mzima. Mtoto aliyepangiwa kiasi anatii tu, lakini aliyetaja kitu chake mwenyewe anakaa akikitikisa kibubu usiku kusikiliza uzito.

Na hapa niseme jambo ambalo wazazi hatupendi kulisikia. Akiba nyingi za watoto zinaliwa na wazazi. Unga umekwisha, kibubu kinavunjwa, mtoto anaambiwa “nitakurudishia”, na hairudi. Mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba tukikwama tutamwomba mtoto kama anavyoombwa mtu mzima, tuandike kwenye daftari, na tulipe kwa tarehe tuliyoandika. Tuliwahi kukopa kwa kijana wetu, na tulilipa. Siku aliyolipwa alilikata deni lile kwa rula, mstari ulionyooka kabisa.

Tarehe 31 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Kuweka Akiba, iliyotokana na mkutano uliofanyika Milan, Italia, mwaka 1924. Kwetu siku hiyo inaangukia pale ambapo mifuko imekauka, kwa hiyo sisi hatuingoji. Tunaanza Julai, hela ikiwepo.

Kijana alivunja kibubu likizo ya Juni, akanunua tetea mmoja kwa 15,000. Kuku wa Singida wanajulikana hadi Dar es Salaam, soko si tatizo. Tatizo ni kideri, ugonjwa unaoweza kufagia kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Bwana mifugo alimwelekeza tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu. Sasa akiuza mayai, kwanza anatenga hela ya chanjo, halafu ndiyo anafikiria mengine, na hakuna anayemkumbusha. Binti naye Januari alienda dukani na hela yake, akachagua begi lake, akadai punguzo na akapewa.

Hela ilipozidi tulimfungulia kijana akaunti. Benki zina akaunti za watoto, kama Mtoto Akaunti na Chipukizi za NMB au Junior Jumbo ya CRDB, na mzazi ndiye anayefungua, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Lakini nisingeshauri uanzie benki. Mtoto wa darasa la nne anahitaji kuisikia sarafu ikidondoka.

Mzazi mwenzangu wa Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni, alizeti ya msimu huu ikiuzwa, pitia kwa seremala ununue kibubu. Mpe mtoto hela ya wiki, hata kama ni mia tano tu, na ukishampa usimwongeze mpaka Jumapili nyingine.