Shida si wufa, ni kona

Wasee wa Lodwar, tuongee. Wiki nzima nililaumu wufa niliyonunua mkono wa pili Kakuma. Mlipuko mmoja kwa muvi, mabati yote yanatetemeka, maneno husikii. Mama akasema niirudishe. Kilomita kama 120, na nauli je?

Kumbe niliisukuma kwenye kona, na kona huongeza besi. Basi nikaiweka pale ninapokaa, nikapiga ngoma, nikatambaa sakafuni nikisikiliza. (Majirani walichungulia. Wacheke tu.) Kando ya mlango besi ilitulia, hapo ndipo ikakaa. Nikashusha sauti yake, nikaiachia zile za chini ya Hz 80 pekee.

Jana mama alimaliza muvi nzima. Bado anaiita kelele, lakini ya kuirudisha hajataja.