Kijito cha Pickering na Ukuta Usiojengwa



Mwezi wa Aprili tulifunga safari, sisi wazee watatu pamoja na wajukuu, tukapanda basi kutoka Leeds hadi Pickering, mji mdogo wa Yorkshire ya Kaskazini. Wajukuu walivutwa na gari moshi la zamani liendalo kwa makaa. Sisi tulikwenda kuutazama mto. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kutuma fedha Dar es Salaam ili kiwanja chake kando ya Msimbazi kijengewe ukuta wa kuzuia maji, nasi tulikuwa tumesikia kwamba watu wa Pickering walikosa ukuta wakapata njia nyingine.

Kijito kiitwacho Pickering Beck hupita katikati ya mji. Kilifurika mwaka 1999, 2000, 2002 na 2007, na mara hiyo ya mwisho hasara ilikadiriwa kuwa pauni milioni 7. Wenyeji wakataka kuta. Gharama ikaonekana kufikia pauni milioni 20 hivi, na wenye mamlaka wakaona haina ulinganifu na faida yake.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Wataalamu wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Oxford na Durham, waliketi na wakazi meza moja, na maarifa ya mtu aliyeyaona maji yakiingia sebuleni kwake yakahesabiwa kuwa elimu. Mwaka 2009 ukaanza mradi uliowakutanisha watu wa misitu, wa mazingira, wa hifadhi ya taifa, halmashauri, wenye ardhi na wananchi.

Gari moshi hulipanda bonde la Newtondale sambamba na kijito. Huko juu, na katika mto jirani wa Seven, vizuizi 167 vya magogo vililazwa kukatiza maji, na marobota 187 ya vichaka vya nyikani yakawekwa kwenye mifereji. Miti ikapandwa kandokando. Maji ya kila siku hupita chini ya magogo bila taabu. Ya gharika hukwama, humwagikia msituni, kisha huteremka mjini polepole. Aidha, kaskazini ya mji lilijengwa tuta liwezalo kuzuia mita za ujazo 120,000 za maji, likakamilika mwaka 2015.

Mtihani haukukawia. Tarehe 26 Desemba 2015 mvua ilifurisha miji mingi ya kaskazini, hata Leeds yetu. Pickering ilisalimika. Wachunguzi walikadiria kwamba kilele cha maji kilipungua kwa asilimia 15 hadi 20, nusu yake hivi kwa magogo na miti, nusu kwa tuta. Si kinga ya kila gharika, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kilichotugusa zaidi ni jambo hili: mwenye ardhi huko juu hafikiwi na mafuriko ya mjini. Hata hivyo amekubali maji yalale kwake, ili mtu wa chini asiyemjua alale pakavu.

Nyumbani pia tunalijua bonde la namna hiyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na mwaka 2018 wananchi, wataalamu na maofisa waliketi pamoja kuupangia Msimbazi maisha mapya, pamoja na bustani na mikoko.

Basini wakati wa kurudi, mwenzetu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ukuta wangu ukiyakataa maji, yatakwenda kwa nani?" Hatukumjibu. Msimbazi una ng'ambo ya pili, nako kuna watu. Usiku huo alimpigia simu mdogo wake, akamwambia fundi asubiri.

Nasi sote tutumao fedha za ujenzi, kabla ya kuuliza bei ya saruji, tumuulize kwanza jirani wa bondeni.