Nusukaputi si Usingizi

Lipo neno ambalo kizazi changu kililikuta hospitalini na ambalo sasa silisikii sana: nusukaputi. Nusu ni ya Kiarabu. Kaputi ni ya Wajerumani, waliotuachia pia shule. Hata asiyejua Kijerumani huonja maana yake: aliyeharibika nusu, aliyekufa nusu. Siku hizi husemwa “dawa ya usingizi”. Ni maneno ya upole, nami upole huo unanitia shaka.

Mwaka juzi mbwa wangu jike alitolewa kizazi. Nikiwa namngoja, mzee mmoja alitaka kuondoka na paka wake aliyetoka kupasuliwa. “Si amelala tu?” aliuliza. Msaidizi wa daktari wa mifugo, binti wa rika la wanafunzi wangu wa mwisho chuoni, akamzuia. “Hajalala, mzee wangu. Bado hajarudi.”

Tangu siku ile nimeutafakari usahihi wa jibu hilo. Aliyelala, ukimgusa kope hupepesa. Aliye katika nusukaputi hapepesi, macho hubaki wazi yakikauka, ndiyo maana hupakwa mafuta ya macho. Aliyelala hujikunyata baridi ikimwingia. Huyu hupoa kimyakimya, ilhali joto la mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39. Na ukimwekea chupa ya maji ya moto isiyozongwa kitambaa, aliyelala atauvuta mguu. Huyu ataungua bila kulia.

Mbuzi ana taabu zaidi. Asipowekwa kifudifudi, shingo imenyooshwa, hawezi kubeua. Tumbo hujaa hewa na kuyabana mapafu. (Nusura niandike “asipolazwa”. Lugha hutunasa hata tukijihadhari.)

Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa, kati ya vifo vilivyohusishwa na dawa hizo, karibu nusu ya vile vya mbwa na zaidi ya nusu ya vile vya paka vilitokea baada ya upasuaji kwisha, vingi ndani ya saa tatu za mwanzo. Yaani wakati ambapo kila mtu amekwisha kusema, “Mwache alale.”

Sisi washairi tuna sehemu yetu katika hili, kwani tumeuita usingizi ndugu wa mauti mpaka tumezoea kuvichanganya. Kuzinduka nako hakunitoshi. Kuna mshtuko ndani yake, na isitoshe wanasiasa wamekwisha kukiazima kitenzi chake wazindulie visima. Kinachonivutia ni usemi wa zamani, fahamu zikamrudia. Zi-, wingi. Ndivyo nilivyoona: kwanza alimeza mate, na hapo binti akauchomoa mrija wa hewa kooni, kisha sikio likacheza, kisha akatetemeka, akafunikwa blanketi, kisha macho yakanitazama bila kunijua, na baadaye kidogo yakanijua.

Miguu ya nyuma ilichelewa kuliko vyote. Alisimama, akayumba, akaketi, akasimama tena. Binti alimwekea maji kidogo kwenye kifuniko cha kopo. Yule mzee alikuwa angali kwenye benchi, kapu tupu mapajani, akitazama ubavu wa paka wake ukipanda na kushuka.