Kufunga na Kufungwa: Daftari la Mjomba

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliishi na kuzikwa Tingi, wilayani Kilwa. Aliacha vitu vichache: baiskeli, redio ya betri, msahafu, na kaunta buku moja iliyochakaa pembe. Vitatu vya kwanza viligawanywa baada ya arobaini. Cha nne hakuna aliyekitaka, nikapewa mimi, kwa kuwa katika ukoo wetu ndiye nisemwaye kuwa mtu wa maandishi.

Ndani mna matokeo ya kandanda, msimu baada ya msimu, kwa kalamu ya wino wa buluu. Simba na Yanga hawamo, isipokuwa pale walipokutana na timu za Kusini. Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka 2014, Ndanda ya Mtwara ilipopanda Ligi Kuu. Wa mwisho ni wa msimu wa 2023/24. Miaka kumi kamili ya mtu mmoja na redio yake.

Kwa nini alijitaabisha hivyo? Mjomba alikuwa wa kizazi kilichousubiri mto. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilikatwa na Rufiji, na abiria walingoja kivuko huku jua likizama. Kusini, kwake, lilikuwa neno la kungojeshwa. Alipomsikia mtangazaji akiitaja Ndanda, na baadaye Namungo ya Ruangwa, aliinua kidole kama mtu aliyeitwa jina lake katika orodha ndefu.

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mashabiki wakaiita Wauaji wa Kusini. Katika msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Msimu huohuo Ndanda ikashuka daraja. Mjomba aliandika habari hizo mbili katika ukurasa mmoja, akapiga mstari katikati. Tarehe 2 Agosti 2020, mjini Sumbawanga, Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam na kufungwa na Simba 2 kwa 1. Kwa kuwa Simba alikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika ilimwangukia aliyeshindwa.

Hapo ndipo daftari linapoanza kunifundisha lugha. Februari 2021 timu ilisafiri hadi Luanda kuikabili Primeiro de Agosto. Baadhi ya watu wake wakaambiwa wana maambukizi ya Uviko, wakazuiliwa huko, na mechi haikuchezwa. Mjomba aliandika neno moja tu: “Wamefungiwa.” Baadaye ikaamuliwa mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, na Namungo ikapita kwa jumla ya mabao 7 kwa 5. Chini yake aliandika: “Wamefunguliwa, wakafunga.”

Kisha hatua ya makundi: Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia. Mechi sita. Namungo ilipoteza zote sita, na haikupata bao hata moja. Mechi za mwisho ziliangukia Aprili 2021, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimekwenda Tingi kufuturu naye. Tuliketi barazani, tende na uji wa pilipili manga mbele yetu, redio ikituhesabia dakika. Filimbi ya mwisho ilipolia, mjomba alisema bila kucheka: “Sisi tunafunga, wao wanafungwa.”

Mimi nilicheka, na kwa wiki nzima nililitembeza neno hilo kama mtoto mwenye kichezeo kipya. Tazameni ukarimu wa kitenzi kimoja. Afungaye mlango, afungaye mzigo, afungaye Ramadhani na afungaye bao, wote wanakunywa kisima kimoja. Afungwaye aweza kuwa mfungwa gerezani, au golikipa aliyepiga magoti. Wakifungana, wako sawa. Na mfungo wa saumu, tofauti na kifungo cha jela, mtu hujitia mwenyewe kwa hiari, akijua jioni itafika.

Usiku ule mjomba aliniomba jambo. “Mjomba,” aliniita, kwani kwetu jina hilo huenda na kurudi, “watungie hawa vijana utenzi.”

Nikamjibu kwamba utenzi hutungwa kwa ushindi. Nani atasoma habari za timu iliyocheza mechi sita bila bao? Hakubishana nami. Alivuta kaunta buku, akaandika sifuri ya sita, akaifunga.

Jibu lile linanichoma hadi leo, kwa sababu lilikuwa la mtu asiyejua urithi wake. Utenzi wa Vita vya Maji Maji ulitungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi. Habari zake ni za vita vilivyowashwa mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa yetu hii, na watu wa Kusini hawakuvishinda. Mshairi hakungoja ushindi ndipo achovye kalamu. Mechi si vita, na sifuri sita si msiba. Lakini kanuni ni ileile: mwenye kushinda ana kombe la kumkumbusha, mwenye kushindwa ana mshairi tu. Mshairi akinyamaza, hubaki kaunta buku ambayo hakuna mrithi anayeitaka.

Mjomba alijua hilo bila kusoma kitabu cha fasihi. Katika ukurasa wa zile mechi sita, pale ambapo mwingine angeacha wazi kwa aibu, aliandika tarehe zote, majina ya wapinzani wote, na kila sifuri akaiviringa kwa uangalifu.

Nimeanza kuutunga, nikiwa nimechelewa. Ubeti wa kwanza ni huu, nanyi malenga mnirekebishe mizani ikichechemea:

Mechi sita tulicheza
pasi bao kutokeza
leo hii naeleza
mjomba wangu sikia.

Na kama nanyi mna mzee mwenye daftari la namna hii, la mvua, la bei za ufuta au la majahazi yaliyoingia bandarini, muulizeni mapema analotaka liandikwe. Mimi niliulizwa nikajibu vibaya, na sasa naandika kwa ajili ya msikilizaji ambaye redio yake imekwisha kugawanywa.