Soda, bomba na tone la maji

Wadau, jua la saa saba mchana Mtaa wa Kongo, Kariakoo, dawa yake ni soda baridi. Yale mapovu ni hewa ukaa, na nyingine huvunwa ardhini kule Rungwe, Mbeya. Tunainywa na hatudhuriki.

Wenzetu Ulaya na Marekani wanaikamata kwenye moshi wa viwanda na kuisafirisha kwa mabomba ya chuma. Ikiwa kavu, haili chuma. Balaa ni inaoongozana nao: ikikutana na maji inakuwa tindikali, na masalia ya salfa na naitrojeni ya kwenye moshi yanaleta tindikali kali zaidi. Kutu inaanzia ndani, nje bomba linang'aa.

Msiseme ni mambo ya Ulaya. Gesi asilia nayo huwa na hewa ukaa kidogo. Ndiyo maana ya Songo Songo, iliyofika Dar 2004, na ya Mtwara, iliyofika 2015, hukaushwa kwanza.

Magazeti huandika bomba lina kilomita ngapi, limegharimu dola ngapi. Swali langu kwenye mkutano ujao na wakubwa ni dogo tu: humo ndani mna maji kiasi gani, na nani anapima?

Nyie mngeuliza nini?